Mapambo ya Krismasi ya kujitengenezea: karatasi, unga, kitambaa au kopo tupu?

Kuhusu mapambo ya kujitengenezea, watu huuliza bei kwanza. Mimi naona bei ni swali la tatu. La kwanza ni siku ngapi zimebaki kabla ya tarehe 25 Desemba, na la pili ni kama unataka pambo la mwaka huu tu au la miaka mingi. Ukishajibu hayo mawili, bei haisumbui tena, maana karibu kila nitakachokitaja hapa kinatokana na kitu kilichomo nyumbani tayari au ambacho kingeishia kwenye pipa la taka. Pesa huliwa na vidogo vidogo vya pembeni: rangi ya kupuliza, utepe wa dukani, gundi ya bastola na vijiti vyake, unga wa kumetameta. Mtu anaanza na chupa tupu ya bure, anamaliza akiwa ametumia kuliko yule aliyenunua pambo lililo tayari.

Nimeyapanga mapambo haya kwa kuyashindanisha, yale yanayogombea sehemu moja ya nyumba.

Ukutani: mnyororo wa karatasi au kamba ya vitambaa

Mnyororo wa karatasi wengi wetu tuliutengeneza utotoni, na kwa kasi bado haujapata mpinzani. Chukua karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, uikate kukatiza upana wake katika vipande vya sentimita 3. Utapata vipande tisa na salio dogo. Kila kipande kinakuwa pete, pete inapita ndani ya mwenzake, na ukiacha sentimita 1 ya kupandanisha ncha, kila pete inatoka na kipenyo cha sentimita 6 na kidogo. Kwa hiyo karatasi moja inakupa nusu mita ya mnyororo na ziada kidogo. Ukuta wa mita tatu, ukitaka mnyororo ulegee katikati badala ya kukazwa kama kamba ya kuanikia nguo, unataka karatasi saba hivi.

Gundi ya kijiti ni bora kuliko gundi ya maji, kwa sababu ya maji hulowesha karatasi nyembamba ikajikunja. Stepla ni haraka zaidi ya zote mbili, ilimradi ishikwe na mtu mzima. Karatasi zenyewe si lazima ziwe mpya. Kurasa za magazeti ya rangi, karatasi za zawadi za mwaka jana, hata mifuko ya kaki iliyofunguliwa na kunyooshwa, zote zinafaa. Napenda kaki na nyeupe tu, zikipishana. Rangi tano zikichanganywa bila mpango zinafanya ukuta uonekane wa sherehe ya kuzaliwa.

Udhaifu wa karatasi ni unyevu. Chumba kikipata mvuke wa jikoni, au madirisha yakishinda wazi wakati wa mvua, pete hubonyea na mnyororo mzima ukaonekana umechoka kabla siku yenyewe haijafika. Wala hauhifadhiki vizuri: ukiuweka kwenye sanduku, mwakani unautoa umekunjamana.

Kitambaa kinaanza polepole lakini kinafika mbali. Hapa kuna kamba za aina mbili, na watu wengi huchagua ile yenye kazi kubwa bila kujua. Ya kwanza ni ya vishada: unachana vipande vyembamba vya kitambaa na kuvifunga kimoja kimoja kwenye kamba hadi ijae. Inapendeza kwelikweli, imejaa na ina manyoya, lakini fanya hesabu kabla ya kuanza. Vipande vya sentimita 3 kwa 20, vikibanwa vizuri, vinataka 150 hivi kwa kamba ya mita mbili, na hiyo ni karibu mita moja ya mraba ya kitambaa. Shuka kuukuu linatosha, ila vidole vitalalamika.

Ya pili ni ya bendera za pembetatu. Kata pembetatu zenye kitako cha sentimita 15 na urefu wa 18, uziachie nafasi kidogo kati yake, na kamba ya mita mbili itajaa kwa bendera kumi tu. Ukikata kwa mkasi wa meno, kingo hazifumuki, basi hakuna haja ya kupinda wala kushona ukingo. Mshono mmoja mrefu wa juu unazishika zote kwenye utepe, na asiye na cherehani anaweza kutumia sindano ya mkono au hata pini za kufungia.

Jambo moja la kuangalia ni aina ya kitambaa. Pamba iliyofumwa ya shuka au shati la kola unaikata kwa mkasi kidogo tu ukingoni, kisha unashika pande mbili na kuvuta: inapasuka ikifuata uzi wake, imenyooka kuliko mkono wako ungeweza kukata. Fulana haipasuki hivyo. Ni kitambaa cha kusokotwa kwa vitanzi, kinavutika, na kipande chake hujiviringisha pembeni kikawa kama kamba. Kwa vishada, mviringo huo unapendeza. Kwa bendera unaudhi.

Kati ya karatasi na kitambaa, basi: zikibaki siku mbili, karatasi. Ukiwa na wikendi mbili na shuka lililochanika, tengeneza bendera, na usahau suala la ukuta kwa miaka mingi ijayo.

Dirishani na kwenye dari: nyota tatu za karatasi

Hapa karatasi inashindana yenyewe kwa yenyewe, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chembe ya theluji ya kukata kwa mkasi ndiyo rahisi kuanza, na ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi hukunja mraba mara tatu kwa nusu, wakapata umbo lenye ncha nne au nane. Chembe halisi ya theluji ina pande sita, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa mfumo wa pembe sita. Ukitaka sita, kunja mraba kwa mshazari upate pembetatu, halafu ikunje katika theluthi: mkono wa kulia uje mbele, wa kushoto upite nyuma au juu yake, kila theluthi ikiwa nyuzi 60. Kisha ikunje nusu. Sasa umeshika tabaka 12 za karatasi. Ndiyo maana karatasi ya kawaida ya kuchapia inafaa na manila haifai: mkasi unateleza, tabaka za ndani zinakatika tofauti na za nje. Kata juu kwa mshazari kuondoa mikia, toboa pembeni, usiguse ukingo uliokunjwa kote, la sivyo kila kitu kitaanguka vipande vipande. Ifungue taratibu, ipige pasi ya joto dogo, na ibandike kwenye kioo kwa tone la maji ya sabuni.

Feni ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiyejiamini na kazi za mikono. Unakunja A4 kwa mikunjo ya sentimita 1, mbele na nyuma, kuanzia upande mfupi hadi mwisho wa karatasi. Unaifunga katikati kwa uzi, unaifungua pande zote mbili. Karatasi moja haitoshi kufunga duara, hivyo fanya mbili na uzigundishe. Unapata duara lenye mikunjo lenye upana wa sentimita 21, ndogo kidogo tu kuliko sahani nyingi za kulia chakula, kwa karatasi mbili na dakika kumi. Ukikata ncha za mikunjo kwa mshazari kabla ya kuifungua, duara linakuwa nyota. Feni kadhaa za ukubwa tofauti zikiwekwa pamoja ukutani zinajaza nafasi ambayo ingehitaji pambo la gharama.

Ya tatu ni nyota ya Fröbel, iliyobeba jina la Friedrich Fröbel (1782–1852), mwalimu Mjerumani aliyeanzisha shule za chekechea. Inasukwa kwa vipande vinne vya karatasi, bila gundi yoyote, na ukiishika mkononi ni imara ajabu. Urefu wa kila kipande unatakiwa uwe mara 30 hivi ya upana wake, kwa hiyo A4 ikikatwa kwa urefu katika vipande vya sentimita 1 inatoa vipimo karibu kamili. Lakini rahisi si neno lake. Hatua za mwanzo ni kama kusuka mkeka, zile za mwisho za kupindua ncha na kuzisukuma chini ya tabaka ndizo zinazowafanya watu waache katikati. Nyota ya kwanza hutoka imepinda kwa karibu kila mtu. Inafaa mtini, kwa sababu ni nyepesi na haivunjiki. Kwa dirisha haifai kitu, ni ndogo mno.

Mtini: unga wa chumvi au unga wa soda

Watu wengi wanaanzia hapa, nami ningewashauri wengi wao waruke.

Unga wa chumvi unavutia kwa sababu kila mtu ana viambato: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, kimoja cha maji. Unakanda, unasukuma hadi unene wa milimita 5, unakata maumbo, unatoboa tundu kwa mrija wa kunywea kabla hayajakauka. Tundu lifanye kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa kuwa linabana likikauka. Hadi hapo ni bure. Gharama inaingia kwenye kukausha: oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa mbili tatu, mara nyingine zaidi, na ukiongeza moto ili uwahi, maumbo yanavimba mapovu na kuwa kahawia. Kwa hewa tu inachukua siku kadhaa, na lazima uyageuze kila mara yasije yakajikunja kingo. Anayelipia umeme au gesi asiuite unga wa chumvi pambo la bure.

Tatizo kubwa zaidi linakuja baadaye. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Penye hewa kavu, pambo hilo linakaa miaka. Penye joto la unyevunyevu, linaanza kutoa jasho, linalainika, rangi inabanduka, na siku moja linateleza kwenye utepe na kuanguka. Vanishi pande zote mbili, pamoja na ndani ya tundu, inapunguza tatizo bila kuliondoa. Na kama kuna mbwa nyumbani, fikiri mara mbili. Pambo hilo lina chumvi nyingi kiasi cha kumtia mbwa sumu akilitafuna, na kwake lina harufu ya chakula.

Unga wa soda ni jamaa yake anayejulikana kidogo. Vikombe viwili vya soda ya kuokea (siyo hamira wala beking pauda), kimoja cha konflawa, na maji kikombe kimoja na robo. Huu haukandwi ukiwa mbichi. Unauweka kwenye sufuria juu ya moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Kwa dakika kadhaa unabaki kama maziwa, unadhani umekosea vipimo, halafu ghafla unaanza kushikana chini ya mwiko. Ukifika hali ya viazi vilivyopondwa, epua. Ufunike kwa kitambaa kibichi upoe, kisha ukande kwenye meza iliyonyunyizwa konflawa.

Unachopata ni kitu cheupe, laini kama chokaa, kisicho na ile rangi ya biskuti ya unga wa chumvi. Huhitaji kukipaka rangi. Bonyeza jani lenye mishipa juu yake, liondoe, na alama itabaki nyembamba na safi. Kinakauka kwa hewa siku moja hadi mbili, na oveni haihitajiki. Hasara zake: viambato vinagharimu zaidi ya unga na chumvi, na kikidondoka sakafuni kinavunjika bila mjadala. Soda nyingi nayo si salama kwa mbwa, hivyo tahadhari ni ileile.

Nikilinganisha vyote viwili kwa uaminifu, unga wa chumvi unafaa kama lengo lako ni kuwapa watoto kazi mchana mmoja, kwa sababu unavumilia kukandwakandwa na kukatwa tena na tena. Kama lengo ni pambo zuri, chagua soda. Vyote viwili ni vizito. Mti wenye matawi membamba utainama, na hapo nyota ya Fröbel au kipande cha kitambaa kilichojazwa pamba kitashinda bila jasho.

Vya asili: machungwa, koni na majani

Vipande vya machungwa yaliyokaushwa vinapendeza penye mwanga nyuma yake. Vikate milimita 5, vipanguse maji, viweke juu ya waya ndani ya oveni ya nyuzi 90 hadi 100 kwa saa tatu nne, ukivigeuza. Vikibaki na unyevu ndani vitaota ukungu, na katika hewa ya majimaji vinaweza kuota hata vikikauka vizuri. Kwa hesabu ya saa za oveni, hili ndilo pambo ghali kuliko yote ya ukurasa huu, ingawa halisemwi hivyo.

Koni za msonobari hazina gharama kabisa kwa anayeishi karibu na miti hiyo. Hufunguka zikikauka na kujifunga zikilowa, kwa hiyo usishtuke ulizookota baada ya mvua zikiwa zimefumba. Ziache mahali pakavu. Nusu saa ya oveni ya moto mdogo inaziharakisha na kuua wadudu waliojificha. Baada ya hapo ni uzi tu. Zitadumu kuliko wewe utakavyozipenda.

Kwa shada la mlangoni, pinda henga ya waya iwe duara. Majani mabichi yatalifanya zuri mara moja, lakini ndani ya nyumba yataanza kukauka na kupukutika ndani ya wiki moja au mbili, na yakikauka yanashika moto kirahisi. Lifunge siku mbili kabla ya sikukuu, si mwanzoni mwa Desemba. Henga hiyohiyo ikijazwa vishada vya kitambaa haina tarehe ya mwisho.

Mwanga: chupa ya glasi au kopo la bati

Chupa ya jamu inatoa mwanga pande zote, kopo lililotobolewa linatupa nukta za mwanga ukutani. Kwa meza ya chakula chukua chupa, kwa ukumbi wenye giza au ngazi chukua kopo. Urahisi ndipo zinapoachana.

Kazi ya chupa ni kuondoa lebo. Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, karatasi itatoka, gundi itabaki. Gundi hiyo isugue kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na soda ya kuokea, uiache kidogo, halafu uoshe. Ndiyo kazi yote. Ukitaka ionekane yenye barafu, paka gundi nyeupe nje na uiviringishe kwenye chumvi ya mawe.

Kopo lina ujanja ambao bila huo halifanyiki. Ukipigilia msumari kwenye kopo tupu, linabonyea. Lijaze maji, uache nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, uliweke kwenye friza hadi barafu iwe ngumu hadi katikati. Lilaze juu ya taulo iliyokunjwa, bandika mchoro wa nyota uliochorwa kwenye karatasi, na ufuate mistari kwa msumari na nyundo, tundu kila baada ya sentimita moja. Barafu inashikilia ukuta wa bati kutoka ndani. Kitako kinaweza kuvimba kidogo, kigonge kirudi. Mdomo wa kopo ubane kwa koleo mahali penye makali, usiamini macho, pitisha kitambaa: kikinasa, bado. Asiye na friza achague chupa tu. Na usijaribu kugandisha maji ndani ya chupa ya glasi, itapasuka.

Ndani uweke nini? Mshumaa mdogo wa kikombe cha bati huwaka saa nne hivi na ni wa bei ndogo, lakini kopo linakuwa la moto na mwali unataka macho ya mtu muda wote, mbali na minyororo ya karatasi na majani makavu niliyokueleza juu. Taa ndogo za LED za betri ndicho kitu pekee katika orodha hii ninachokubali kinunuliwe bila kunung'unika. Zinakaa baridi, zinarudi kila mwaka. Angalia tu kwamba kisanduku cha betri kinafungwa kwa skrubu, maana betri bapa za umbo la sarafu ni hatari kubwa mtoto akizimeza.

Januari ikifika

Bendera za kitambaa zifue, uzipige pasi, uzizungushe kwenye kipande cha boksi. Koni na makopo yaweke popote. Maumbo ya soda na ya chumvi yafunge moja moja kwenye karatasi laini, ndani ya boksi gumu, na kwa yale ya chumvi weka kopo linalofunga vizuri, kwa kuwa panya na wadudu wa unga hawajui kwamba ni pambo. Machungwa yatupe kwenye mboji.

Karatasi inarejelezwa, isipokuwa iliyomwagiwa unga wa kumetameta. Unga huo kwa kawaida ni plastiki, hautengani na karatasi, na unabaki kwenye zulia hadi Pasaka. Umoja wa Ulaya ulizuia uuzaji wa ule wa plastiki usiofungwa kwenye kitu kuanzia Oktoba 2023 katika sheria yake ya chembe ndogo za plastiki. Ukitaka mng'ao, kata vipande kutoka kwenye karatasi ya ndani ya pakiti za chai au uchubue foili ya jikoni iliyokwisha kutumika, uioshe, uipige pasi kwa upande wa kijiko, na uibandike kwenye ncha za feni.